Mlima Juu ya Meza, Ngome Juu ya Ubao: Niliyoyaona Kitale na Bungoma

Msomaji ambaye hajapata kufika Kitale na aitazame ramani ya Kenya, auone mji huo ulivyokaa kati ya milima miwili: Elgon upande wa magharibi na Cherangani upande wa mashariki. Uko juu yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina baridi ya kumfanya mtu atokaye Bungoma ajute kuacha koti nyumbani. Reli ilifika hapo mwaka 1926. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapo mwaka 1956, na mahindi chotara namba 611, ambayo wazee wetu huyataja kama mtu atajavyo rafiki wa ujanani, yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964 baada ya kazi ndefu ya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale. Basi maonyesho ya kilimo yanapofanyika katika mji huo, watu humiminika kama siafu, na wengi wao huelekea moja kwa moja kwenye ng'ombe wa maziwa, matrekta na mbegu.

Mimi ni karani. Sina trekta, na ng'ombe wangu ni wawili tu. Nilipokuwa na likizo ya siku chache nilikwenda huko pamoja na shemeji yangu, ambaye ni mkulima hasa, na tangu tulipoingia langoni alinipotea kati ya mafahali. Nami, nikikimbia vumbi na kelele za vipaza sauti, nikajikuta ndani ya banda refu la mabati ambamo shule zilikuwa zimepanga kazi za wanafunzi. Nilidhani nitakaa humo dakika tano. Nikakaa hadi saa nane za mchana.

Juu ya meza ya kwanza palikuwa na mlima Elgon wote.

Sisemi picha ya mlima, wala ramani yake. Ulikuwa mlima wenyewe, umefanywa mdogo ukatoshea juu ya ubao wa urefu wa kitanda, una mabonde, mapango na misitu, na upande mmoja mji wa Kitale na nyumba zake za ukubwa wa punje za mahindi. Misitu ilikuwa ni unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Mashamba ya mahindi yalikuwa ni nywele za brashi kuukuu, zimekatwa fupi na kuchomekwa mistari kwa mistari. Barabara zilipakwa gundi kisha zikanyunyiziwa mchanga mwembamba. Mto Nzoia ulikuwa uzi wa buluu ulioanza katika vilima vya Cherangani, nao ukapokea nyuzi nyingine nyembamba kutoka Elgon. Mtoto mmoja aliyekuwa mbele yangu alimwuliza mama yake kama watu wa humo nao hulala usiku.

Mwalimu wao, kijana mpole mwenye wino vidoleni, alinieleza jinsi walivyoufanya. Walichukua ramani ya serikali yenye mistari ya mwinuko, ile inayozunguka mlima kama pete. Kila mstari waliunakili juu ya karatasi ngumu ya makatoni, wakakata, kisha wakabandika kipande juu ya kipande, kikubwa chini na kidogo juu, mpaka mlima ukasimama kama ngazi. Halafu wakaloweka magazeti ya zamani, wakayaponda pamoja na uji wa unga wa ngano, wakaifunika ngazi ile hata ikawa miteremko. Kazi hiyo iliwachukua muhula mmoja, jioni baada ya masomo. Katoni walizipata bure madukani, na brashi walikuwa nazo. Kitu walichonunua ni rangi tu.

Hapo mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, ambaye nadhani alitoka pande za Kapsokwony au Endebess kwa jinsi alivyoutazama mlima ule kama mali yake, akainua fimbo yake na kusema, "Mwalimu, huu si mlima wetu. Mlima wetu haukusimama hivi. Unapanda polepole, mtu anatembea siku nzima hajui kama anapanda."

Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema, "Mzee, umesema kweli." Kisha akatufanyia hesabu ubaoni. Ramani yao ilikuwa ya sentimita moja kwa nusu kilomita, yaani 1 kwa 50,000. Kutoka Kitale hadi kilele cha Koitoboss ni kiasi cha kilomita 45, nayo juu ya meza yakawa sentimita 90. Lakini kilele hicho kina mita 4,222, na ukitoa zile 1,900 za Kitale, zinabaki mita zipatazo 2,300. Kwa kipimo kile kile, mlima wote ungekuwa na kimo cha sentimita nne na nusu, kama kitumbua juu ya sinia! Macho ya mtu yasingeona kitu. Kwa hiyo waliuinua mara tatu. Na kweli, nilipoinama niliona wameandika wazi kwenye kibao kidogo ubavuni: kimo kimeongezwa mara tatu.

Maandishi yale yalinipendeza kuliko mlima wenyewe. Katika banda lile niliona kazi nyingine za kuvutia, madaraja na viwanja vya ndege vilivyong'ara kwa rangi, ambazo hazikuonyesha kipimo chochote. Ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko nyumba, na lori halingeweza kupita langoni. Vitu vya namna hiyo ni mapambo, wala havina ubaya. Lakini mfano wenye kipimo ni kitu kingine, kwa sababu unaweza kuuliza swali ukapata jibu. Shemeji yangu, nilipomleta baadaye, alipima kwa vidole umbali kutoka shamba lake mpaka msituni, akasema, "Kumbe msitu umetukimbia namna hii." Amekaa huko miaka ishirini na miwili, na hilo hakulipata kuliona kwa sababu kila siku yeye yumo ndani yake.

Meza ya pili haikuwa na uzuri wowote, walakini ndiyo iliyovuta watu. Palikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyoinamishwa sawasawa, kila moja limejazwa udongo mwekundu wa Trans Nzoia. Katika sanduku la kwanza matuta yalishuka na mteremko, kama wengi wetu tulimavyo kwa kuwa ng'ombe na jembe la kukokotwa hushuka kwa urahisi. Katika la pili matuta yalikata mteremko, na kati ya kila matuta machache palipandwa mstari wa majani. Chini ya kila sanduku palikuwa na mtungi wa kioo. Msichana wa kidato cha pili akachukua ndoo ya kumwagilia maua, akamwaga maji kiasi kile kile pande zote mbili.

Mtungi wa kwanza ulijaa upesi, na maji yake yalikuwa kama chai ya maziwa. Mtungi wa pili ulipata maji machache, yakitona tone kwa tone, nayo karibu yalikuwa safi. Msichana akamwaga tena. Safari hii katika sanduku la kwanza kipande kizima cha udongo kilivunjika kikateremka pamoja na kijumba kidogo cha kiberiti kilichokuwa juu yake.

Mama mmoja aliyesimama karibu nami, mwenye kitenge na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni shamba yetu." Hakumwambia mtu yeyote. Nilimtazama nikaona hachezi.

Na kweli hapakuwa na mchezo. Watu wa upande huu wa nchi wanajua udongo unapoachia mlima hufanya nini. Mwezi wa Machi mwaka 2010, upande wa Uganda wa mlima huo huo wa Elgon, katika wilaya ya Bududa, mteremko uliporomoka ukafukia vijiji, na watu waliopotea walihesabiwa kwa mamia. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 ilikuwa zamu ya West Pokot, kaskazini ya Kitale: mvua ya usiku mmoja ilishusha vilima juu ya nyumba za watu waliolala, wakafa zaidi ya 40. Maporomoko ya namna ile hayatokani na matuta tu. Mvua kubwa na mwinamo wa mlima vina sehemu yao, na bwana shamba aliyekuwa akisimamia banda hakuwaficha watu jambo hilo. Walakini udongo uliovuliwa miti na majani hauna kitu cha kuushika. Na ule usioporomoka huchukuliwa na Nzoia kidogo kidogo hadi Budalangi, karibu na Ziwa Victoria, ambako watu wamehamishwa na mafuriko mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka.

Yote haya nimeyasoma katika barua za serikali, nami mwenyewe nimepiga chapa nyingi kati ya hizo. Sikumbuki barua hata moja iliyomfanya mama amwachie mumewe mtoto na kurudi mara mbili kuuliza majani yale ni aina gani na miche hupatikana wapi. Sanduku la udongo lilifanya hivyo kwa ndoo moja ya maji.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Kazi hii ya kuonyesha nchi ndani ya sanduku haikuanzia shuleni kwetu. Wazungu huiita diorama, na jina hilo lilianza Paris mwaka 1822, wakati Louis Daguerre, yule yule aliyekuja kuwa maarufu kwa upigaji picha, alipofungua jumba ambamo watu walilipa kiingilio ili waone pazia kubwa zilizochorwa zikibadilika kwa mwanga. Baadaye jina likahamia kwenye mandhari zenye vitu halisi mbele na mchoro nyuma, hata jicho lisijue kitu kinaishia wapi na mchoro unaanzia wapi. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Mmarekani, Carl Akeley. Na wasomaji wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wasikilize vizuri: mwezi wa Novemba mwaka 1909, Akeley alikutana na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, kwenye uwanda wa Uasin Gishu karibu na mto Nzoia, na hapo Roosevelt alimpigia ndovu kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Ndovu wale wamesimama huko hata leo, kundi zima, katikati ya ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la Akeley, ambaye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1926 katika milima ya Kongo. Wamezungukwa na diorama 28 za wanyama wa Afrika na nchi zao.

Sina ugomvi na watu wa New York. Wamewatunza vizuri. Lakini ni jambo la kufikiri kwamba mtoto wa Marekani anaweza kwenda kwa treni ya mjini akaona ndovu wa Nzoia, na mtoto wa Moi's Bridge, aliyezaliwa kando ya mto wenyewe, hawezi.

Siku iliyofuata nilikwenda katika Makumbusho ya Kitale. Aliyeyaanzisha ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu, ndege na vitabu kuliko alivyopenda watu, kama wasemavyo baadhi ya wazee. Alikuwa na makumbusho yake binafsi tangu mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 aliwaachia wananchi mali yake yote hiyo pamoja na fedha za jengo. Jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Kuna vipepeo waliopangwa safu kwa safu, kuna vitu vya Wapokot, Waturkana na wengineo, kuna nyoka, na nyuma kuna msitu wa asili wenye njia ya kutembea ambamo tumbili huruka juu ya kichwa cha mtu.

Lakini mimi nilikwenda kuona nyumba. Uani zimejengwa nyumba za makabila ya magharibi kwa ukubwa wake halisi, na mtu anaweza kuinama akaingia. Ni mfano pia, ila kipimo chake ni moja kwa moja. Na baada ya kutoka kwenye meza za wanafunzi niligundua tofauti ambayo sikuitazamia. Ndani ya nyumba ya ukubwa kamili unajua giza lake, harufu ya nyasi, na jinsi mlango unavyokulazimisha kuinamisha kichwa mbele ya mwenye nyumba. Ila huuoni mji. Huoni kwa nini nyumba hii inatazama lango na ile inatazama zizi, wala nani alipita wapi. Kwa Wajaluo, kwa mfano, nyumba ya mke mkubwa hutazama lango, na vijana hujenga karibu na lango, na mpangilio huo ndio sheria ya ukoo wote. Kuiona sheria hiyo lazima uwe ndege, au uwe na mfano mdogo mbele yako.

Wabukusu wenzangu watanikumbusha kwamba wazee wetu walijua nguvu ya kijumba kidogo. Namwima ilijengwa uani kama nyumba, yenye paa la nyasi, lakini hakuna mtu angeweza kulala ndani yake. Ilikuwa ya wahenga, na hapo palitolewa sadaka. Mtoto aliyeifanyia mchezo alichapwa. Sikulelewa katika mambo hayo, maana nyumbani kwetu tulikuwa watu wa misheni. Bibi yangu hata hivyo alikuwa akizunguka mbali kidogo kila alipopita mahali ilipokuwa imesimama, ingawa palikuwa pamebaki nyasi tu.

Kutoka Kitale nilichukua gari la abiria kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Barabara hiyo inajulikana, sitapoteza maneno juu yake. Ila kabla ya kufika Webuye mtu atazame kilima kirefu kinachosimama juu ya mji. Hicho ni Chetambe. Juu yake palikuwa na ngome ya udongo, na mwaka 1895 ilikuwa mahali pa mwisho pa kusimama kwa Wabukusu na Watachoni. Bwana Hobley, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyekaa Mumias, alikuja na askari wa Kisudani na wasaidizi wengi, Waganda, Wamasai na Wawanga, na pamoja nao bunduki ya Maxim. Kwanza walipiga ngome ya Lumboka, kisha wakaja Chetambe. Kuta za udongo zilizotosha kuzuia mikuki na mishale hazikutosha kwa bunduki ile. Baada ya hapo miji yenye kuta, ambayo kwa Kibukusu kila mmoja huitwa olukoba, na mingi chingoba, iliachwa. Watu wakatawanyika wakajenga kila mtu shambani kwake, kama tukaavyo hata leo.

Mtu akipanda Chetambe leo huona handaki lililojaa majani. Nilipanda nilipokuwa mwanafunzi, tukala miwa yetu ukingoni mwake na kushuka. Hakuna aliyetuambia tuangalie nini.

Kwa hiyo fikiri jinsi nilivyosimama kimya nilipofika nyumbani kwa mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, maili chache nje ya mji wa Bungoma. Rafiki yangu wa ofisini, ambaye ni jirani yake, alinipeleka baada ya kunisikia nikieleza habari za Kitale. Tulipiga hodi, tukasalimiana mulembe, tukapewa viti chini ya mwembe. Mbele yetu, juu ya ubao uliowekwa juu ya mapipa mawili, palikuwa na olukoba nzima.

Mzee alikuwa ameifanya kwa miezi saba. Alianza kwa sababu mjukuu wake alirudi kutoka shule akauliza ngome ya Chetambe ilikuwa na vyumba vingapi, akidhani ni jumba la mawe kama Fort Jesus ya Mombasa. Fundi seremala hafikiri kwa maneno. Alichukua rula.

Kipimo chake ni cha mafundi wa zamani: robo inchi kwa kila futi moja. Mtu wa futi sita ana inchi moja na nusu, na ng'ombe wa futi nne begani ana inchi moja. Kipimo hicho alikishika kama amri, hata mahali kilipomletea taabu. Paa, kwa mfano. Kwanza aliezeka kwa nyasi za kawaida, na nyumba zikawa na sura mbaya ambayo hakuifahamu, mpaka alipofanya hesabu. Unyasi wenye unene wa thumni ya inchi, katika kipimo kile, ni gogo la inchi sita. "Nilikuwa nimeezeka kwa miti ya stima," alisema. Akazibomoa zote. Akaezeka upya kwa nyuzi za mgomba zilizochanwa kwa sindano, akizipanga tabaka kwa tabaka kutoka chini kwenda juu kama fundi wa nyumba ya kweli, kwa sababu, anasema, paa ambalo halikuezekwa sawa huonekana hata likiwa na ukubwa wa kikombe.

Ukuta ulimsumbua zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hunywea, na ukuta wa duara ukinywea hupasuka. Alijaribu mara nne. Mwisho alichanganya udongo wa kichuguu na mchanga uliochekechwa kwa kitambaa na majivu kidogo, akaujenga vipande vipande, akaufunika kwa gunia bichi kivulini ili ukauke polepole kwa muda wa wiki mbili. Nje ya ukuta akachimba handaki, maana udongo wa ukuta ulitoka hapo hapo, kama wahenga walivyofanya: waliochimba shimo walikuwa wakijenga kwa wakati ule ule. Jambo hili dogo nilikuwa sijalifikiri. Lile handaki la Chetambe tulilokalia tukila miwa lilikuwa ndiyo ukuta wenyewe, umegeuzwa.

Ndani kulikuwa na nyumba, maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya mawe, ng'ombe wa udongo, na mwanamke mmoja anayetwanga. Ng'ombe walifanywa na watoto wa boma. Hapo nilicheka, kwa kuwa kila mwanamume aliyekulia machungani alipata kufinyanga ng'ombe kando ya mto, akawapa majina na kuwatolea mahari. Mjukuu mwenyewe, yule mwenye swali, ana karakana yake nyuma ya jiko: malori ya waya wa uzio, magurudumu ya soli za malapa, na usukani wa waya mrefu unaomfikia kifuani ili aendeshe akikimbia. Alinionyesha jinsi gurudumu la mbele linavyogeuka sawasawa na usukani. Hakuna aliyemfundisha. Babu yake anajifanya hatazami, lakini niliona koleo ndogo ya seremala mkononi mwa mtoto, na chombo hicho fundi hampi mtu hivi hivi.

Siku niliyofika palikuwa na wazee watatu wamekuja kwa ajili ya jambo moja: lango. Fundi alikuwa ameacha pengo katika ukuta wake, la nusu inchi na kidogo, hajaliziba.

Mzee wa kwanza alisema lango lilikuwa chini sana, hata mtu aliingia akiinama, ili adui aingize kichwa kwanza na akipokee kilichomngoja. Mzee wa pili, ambaye mama yake alizaliwa karibu na Lumboka, alisema hapana. Watu walikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hainami. Lango lilikuwa la kimo cha ng'ombe, na usiku lilizibwa kwa magogo yaliyopachikwa kutoka ndani. Wa kwanza akajibu kwamba palikuwa na milango miwili. Wa pili akauliza, ikiwa ni miwili, wa pili uko upande gani? Hapo wakanyamaza wote.

Fundi aliinuka, akachukua ng'ombe mmoja wa udongo, akamweka mbele ya pengo. Hakupita, pembe zilikwama. Wakamgeuza ubavu. Wakajaribu ndama. Wazee wale, wote wamepita miaka sabini, waliinama juu ya ubao ule wakisukuma ng'ombe wa inchi moja kwa ncha za vidole, nao walikuwa wakibishana kwa maneno ambayo mimi na rafiki yangu, wasomi wa sekondari, hatukuwa tumeyasikia: maneno ya sehemu za lango, ya gogo la juu na gogo la kupachika, ya njia ya ng'ombe kati ya kuta mbili. Nilitoa daftari langu la ofisi nikaanza kuandika. Mzee wa kwanza aliona, akaniambia, "Andika, kijana, lakini andika na jina la kila mti, maana si kila mti ulifaa."

Niliandika kurasa sita. Baadhi ya miti ile sijui jina lake kwa Kiswahili, na miwili sijui kama bado imesalia katika wilaya yetu. Mzee wa pili anasema mmoja uko karibu na Sang'alo.

Nilimwuliza fundi kama angeiuza kazi yake. Alisema mtu mwenye hoteli alikuja akataka kuiweka ukumbini, naye akamwuliza ni nani atakayewaeleza wageni. Yule bwana alisema hapana haja ya kueleza, ni ya kupendeza tu. Basi akakataa. Anataka iende shule ya mjukuu, mradi mwalimu mkuu apate kabati la kioo na kufuli, kwa sababu panya hupenda nyuzi za mgomba. Seremala yupo, alisema, mbao zipo. Kinachokosekana ni kioo. Rafiki yangu na mimi tuliahidi kukitafuta kioo hicho, na tumekwisha kupata bei yake katika duka moja la vifaa mjini.

Kuhusu lango, wazee walikubaliana kwamba yupo bibi mmoja upande wa Kimilili, mkongwe sana, ambaye bibi yake alikuwa msichana ndani ya ngome siku za vita. Hatembei tena. Kwa hiyo fundi atachonga malango mawili, moja la chini na moja la kimo cha ng'ombe, atayafunga katika kitambaa pamoja na kipande cha ukuta, na mjukuu atayapeleka kwa pikipiki siku ya Jumamosi, ayaweke mbele ya bibi huyo mikononi mwake, kwa kuwa macho yake yameharibika, na amwambie apapase achague.

Tulipoaga, fundi alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kukata kipande cha kwanza.